Ukichoka na bustani: jinsi ya kuanza tena

Bustani ya mboga ikiota magugu, majirani husema mwenye nayo amekuwa mvivu. Mara nyingi wanakosea. Mtu amebeba maji msimu mzima, amepalilia, amepiga dawa, kisha nyanya zimeoza au bei imeanguka siku ya kuvuna. Msimu unaofuata jembe analiona pale pale ukutani, ila moyo unakataa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii ya kuchoshwa na kazi. Ina dalili tatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi yenyewe, na kuona kwamba unachofanya hakizai kitu. Shirika halikuiita ugonjwa. Lilisema inatokana na mkazo wa kazi uliodumu muda mrefu bila kutatuliwa. Kwa hiyo kupumzika wiki mbili kisha kurudia mzigo ule ule hakusaidii sana. Tafuta kwanza kilichokuchosha.

Kwa Musoma, Bunda na Butiama, anza kuchunguza maji. Kiangazi, mboga huhitaji takriban lita 5 kwa siku kwa kila mita ya mraba. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000, yaani lita 5,000, au ndoo 250 za lita 20. Kila siku! Hakuna kichwa cha mama kinachobeba mzigo huo. Wala huwezi kuisogeza bustani hadi ukingoni mwa ziwa, kwa kuwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Kama huna pampu, robo eka ilikuzidi tangu mwanzo.

Tuta la mita 1 kwa 5 linahitaji lita 25, ndoo moja na robo. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usipotee haraka. Na anayekula mboga anaweza pia kubeba ndoo: pangeni zamu nyumbani.

Kisa cha pili ni kantangaze, mdudu wa nyanya aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Viwavi wake hujificha ndani ya majani na matunda, na dawa nyingi hazimwui tena. Wakulima wengi walikatishwa tamaa naye wakidhani wamekosea wao. Kama ndiye aliyekumaliza, usianze tena na nyanya, wala bilinganya au viazi mviringo, maana navyo huvishambulia. Ng'oa mabaki ya zamani uyachome au uyafukie chini sana.

Panda mchicha. Ndani ya wiki tatu hadi nne unachuma, na ukikata juu ukaacha shina, huchipua tena. Nyanya hukusubirisha miezi miwili na nusu au mitatu baada ya kuhamisha miche, na mtu aliyechoka hana subira hiyo. Majani ya kunde nayo yanafaa. Mavuno ya kwanza yaliwe nyumbani, usikimbilie sokoni. Bei ya soko ndiyo iliyowavunja wengi, na mboga iliyo chunguni haina dalali.

Fanya kazi nusu saa asubuhi kabla ya jua kali, kisha uache hata kama magugu yamebaki.

Lakini uchovu ukizidi wiki mbili na kugusa mambo yote, usingizi hauji, chakula hakipiti, hata wajukuu hawakufurahishi, hapo si suala la bustani. Nenda zahanati ueleze hivyo hivyo.

Tuta la pili lichimbe pale tu la kwanza litakapokuwa limechumwa mara mbili au tatu bila kukuelemea. Ukitaka kurudi kwenye nyanya, mwone kwanza afisa ugani wa kata yako kuhusu mitego ya kantangaze.