Beji ya aliyetembea



Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo: beji ya kitambaa ambayo skauti huishona kwenye shati lake. Bila shaka umeiona. Ina jina la mahali, pengine na picha ya mlima. Haisemi kwamba mwenye shati alishinda vita. Inasema tu kwamba alifika pale kwa miguu yake.

Kule Marekani kuna desturi ya skauti kutembea katika viwanja vya vita vya zamani na kupata beji ya ukumbusho. Wanakwenda Shiloh, palipopiganwa Aprili 1862, na Gettysburg, ambako kwa siku 3 za Julai 1863 watu wapata 51,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waliopigana walikuwa watu wa nchi moja. Pale Gettysburg njia moja ilipewa jina la utani la askari wa Kaskazini, nyingine lile la askari wa Kusini, na kijana yule yule aliweza kutembea zote mbili. Hapo ndipo niliposimama nikafikiri juu yetu.

Maana na sisi tuna njia za vita. Mwaka 1916 askari Wakongo wa Force Publique, jeshi la Bula Matari, walitoka upande wa Kivu, wakapita Rwanda na Burundi, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Sifa alipewa jenerali Tombeur. Lakini niambie, wewe unayesoma: risasi na chakula vilifika Tabora juu ya vichwa vya nani? Ni wapagazi, wanaume waliochukuliwa vijijini, na wengi hawakurudi. Upande wa Waingereza waliandikishwa wapagazi karibu milioni moja, na wapata 95,000 walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo, nalo hadi leo ni soko kubwa la Dar es Salaam. Watu wananunua nyanya pale bila kujua wanataja wafu.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi: watu wasiopungua 116,000 wa vita ile ya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote. Radhi ilikuja baada ya miaka zaidi ya 100. Aliyebeba bunduki alipata jiwe. Aliyebeba mzigo hakupata hata herufi moja.

Sasa turudi nyumbani. Tuseme vijana wa skauti wa Butembo wanataka kutembea hadi Kikyo, ambako Aprili 1998 askari waliua raia wengi sana, na wanataka kushona beji. Waandike nini? Wakiandika jina la kikundi chochote chenye silaha, hata kile wanachokiona kuwa chao, hiyo si beji tena, ni bendera. Na kijana huyo, shati lake likiwa la rangi ya kaki, atakapofika kwenye barieri ataulizwa: wewe ni wa nani? Kwetu watu wamekufa kwa swali hilo.

Mimi ningeandika jina la mahali na mwaka, basi. Pengine ningechora mzigo juu ya kichwa, kwa sababu ndio alama ya wapagazi wa 1916, na ndio alama ya mama aliyekimbia mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014, godoro kichwani na mtoto mgongoni.

Neno jingine kwa viongozi wa skauti. Msiwapeleke watoto kwenye barabara ya Mbau hadi Kamango, hata kama mnataka kuwakumbuka askari wa amani 15 wa Tanzania waliouawa Semuliki Desemba 2017. Hakuna kitambaa chenye thamani ya mtoto. Wakumbukeni mkiwa mjini.

Baden-Powell, aliyeanzisha skauti, alizikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Kwenye jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo maana yake ni: nimekwenda nyumbani. Wengi wa waliokimbia kutoka vijiji vya Beni bado hawawezi kuichora alama hiyo.

Basi, kijana, kabla ya kushika penseli, tafuta mzee au mama aliyekuwa Kikyo mwaka ule. Mwulize kama anakubali, na anataka jina gani liandikwe. Akikataa kusema, kaa naye kidogo, kisha urudi siku nyingine.

Kwaherini, na tusikilizane tena juma lijalo.