Rangi Saba za Nani?

Mwanafunzi wa sekondari ukimwuliza rangi za upinde wa mvua, hakosei hata moja: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu, nili, urujuani. Mtoe nje mvua ikianuka, mwambie akuonyeshe nili iko wapi. Atakodoa macho, atawaangalia wenzake, kisha atacheka.

Hana kosa. Hizo saba ni za Isaac Newton. Alipoupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, mwanzoni alihesabu rangi kuu tano. Chungwa na nili ziliingia baadaye, hesabu ilingane na ngazi ya sauti saba za muziki. Hata mistari ya kutenganisha rangi alimpa msaidizi aichore, maana macho ya msaidizi huyo yalizipambanua rangi kuliko yake. Kitabu chake, Opticks, kilipotoka mwaka 1704, mgawanyo ukawa ndio huo, na sisi tunaukaririsha kana kwamba umeandikwa mawinguni.

Karne tatu na ushei kabla ya mche huo, Mwajemi Kamal al-Din al-Farisi alikuwa akifafanua kazi ya Ibn al-Haytham juu ya mwanga. Alichukua tufe la kioo, akalijaza maji liwe mfano wa tone la mvua, akaliweka kwenye chumba cha giza chenye tundu la kupitisha jua. Akaufuata mwale: unapinda ukiingia majini, unagonga ukuta wa nyuma na kurudi, unapinda tena ukitoka. (Miaka ileile, mtawa Theodoric wa Freiberg, Ujerumani, alifikia maelezo hayohayo, wala hawakujuana.) Swali la al-Farisi lilikuwa rangi zinatokeaje. Zipo ngapi, hilo halikumkosesha usingizi. Ningekuwa mwalimu wa fizikia, ningeanza somo na chupa ya maji ya mviringo kabla ya kuandika jina lolote ubaoni.

Kiswahili nacho kina njia yake. Rangi zinazokubali viambishi ni tatu tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Zilizobaki nyingi tumeziazima kwa vitu: jani, binzari manjano, zambarau, kahawa, jivu, maji ya kunde, na ile ya kutisha kidogo, damu ya mzee. Wapo wanaouona huu kuwa umaskini. Mimi naona ndio ukweli wenyewe wa mwanga. Anayesema rangi ya zambarau ameelekeza kidole tu, hajajenga ukuta. Na kati ya nanomita 700 hivi za wekundu na 400 hivi za urujuani hakuna ukuta popote. Urefu wa wimbi unapungua kidogo kidogo, basi.

Lakini lugha hii hii inatutegea mtego mmoja: masafa. Wazee waliosikiliza matangazo ya ng'ambo walizoea masafa mafupi, mita bendi 25, na hapo kinachopimwa ni urefu wa wimbi. Leo kituo cha FM kinajitangaza kwenye masafa ya megahezi 100, na hapo kinachopimwa ni mitetemo kwa sekunde, mitetemo milioni 100. Wimbi la megahezi 100 lina mita 3. Lile la mita 25 lina megahezi 12 tu. Kwa hiyo masafa yakizidi kuwa mafupi kwa maana ya kwanza, yanazidi kuwa makubwa kwa maana ya pili. Mtoto akichanganyikiwa hapo, tusimlaumu.

Turudi kwenye mche wa kioo. Mwaka 1800 William Herschel aliweka vipimajoto kwenye rangi zilizotoka kwenye mche. Kilichowekwa nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana kitu, ndicho kilichopanda zaidi. Mwaka uliofuata Johann Ritter akagundua kitu upande wa pili, baada ya urujuani. Na wataalamu walipotafuta majina, wakafanya kama Waswahili, wakaelekeza kidole kwa jirani: infraredi, iliyo chini ya nyekundu, ultravioleti, iliyo ng'ambo ya urujuani.

Darasani huhitaji kipimajoto cha Herschel. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza. Kwa macho huoni kitu. Kwenye kioo cha simu kitaa kinamweka, cheupe chenye uzambarau. Kamera imeibuni rangi hiyo, kwa kuwa haina nyingine ya kuonyesha. Na hapo ndipo mmoja wa wanafunzi atauliza: mwalimu, hii inaitwa rangi gani?