Jogoo wa bati na nyumba zilizojificha

Ukipanda kutoka Mto wa Mbu, ukaipita Karatu mjini na kushika barabara ya kwenda geti la Loduare, utaanza kukutana na bustani. Sisemi mashamba, nasema bustani: majani yamekatwa yakalingana, maua yamepangwa kwa mistari, njia zimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Na hapa na pale, juu ya nguzo, kinazunguka kifeni cha bati, au jogoo wa chuma anageuza mdomo kila upepo ukibadilika. Ni mapambo tu. Kifeni hakisagi mahindi wala hakivuti maji. Wengi wetu tunavipita kwa kasi tukiwahi kreta kabla jua halijawa kali, na siwalaumu.

Ila hebu tujiulize. Ni lini mtu wa milima hii alianza kuweka kitu juu ya nyumba yake ili kionekane kwa mbali? Nauliza kwa sababu mababu wa wengi wanaoishi Karatu leo walifanya kinyume chake kabisa.

Wairaqw, ambao wengi tumezoea kuwaita Wambulu, asili yao ya karibu ni vilima vya Irqwar Da'aw huko Mbulu, kusini mwa Karatu. Katika karne ya 19, majirani wenye mikuki na haja ya ng'ombe hawakuwa mbali. Basi mtu alichimba ubavu wa kilima, akasimamisha nguzo ndani ya shimo, akaezeka kwa miti na udongo, paa likalingana na mteremko. Majani yakiota juu, kwisha. Mgeni aliyesimama juu ya kilima angeweza kukanyaga paa la mtu bila kujua kuwa chini ya unyayo wake kuna familia, moto na ndama. Upepo nao ulipita juu kwa juu. Wasomi wameandika sana juu ya nyumba hizi kama ufundi wa ulinzi, na ni kweli, lakini mimi naona pia ni aina fulani ya adabu ya hofu: uzuri wa nyumba ulipimwa kwa jinsi isivyoonekana. Mtu wa namna hiyo umpe jogoo wa bati amsimike kwenye paa? Angekuona adui.

Wamaasai, kule juu kwenye ukingo wa kreta, hawakujificha. Boma lina ua wa miiba na kila mtu anajua ni la nani. Lakini nyumba yenyewe, ambayo hujengwa na wanawake, ni ya chini na ya mviringo, na mlango wake unaingia kwa kupinda ili upepo usiufikie moto. Pale ukingoni ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na aliyewahi kulala huko mwezi wa Julai anajua nazungumzia baridi gani. Mambo ya kusimamisha nguzo ndefu ili kuchezea upepo hayakuwa na nafasi.

Sasa vitu hivi vimetoka wapi? Safari yake ni ndefu na ina kona moja inayotuhusu. Mwandishi Mwarabu Al-Masudi aliandika kuhusu Sijistan, nchi ya upepo na mchanga upande wa mashariki ya Uajemi, ambako upepo ulizungusha vinu na kuinua maji ya kumwagilia bustani. Hiyo ni karne ya 10. Na Al-Masudi huyo huyo alifika pwani yetu ya Zanj mwaka 916, akaacha maelezo ambayo wanahistoria wa Afrika Mashariki hawaachi kuyatumia hadi leo. Yaani mtu mmoja alieleza vinu vya upepo na akatueleza sisi, lakini vinu havikumfuata. Pwani upepo ulishapewa kazi nyingine: kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha.

Kionyesha upepo ni cha zamani zaidi. Kule Athene, Wagiriki walijenga mnara wa pembe nane zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na juu yake walisimika sanamu ya shaba iliyogeuka kuelekea upepo unakotoka. Jogoo alikuja baadaye na makanisa, kwa ajili ya yule jogoo aliyewika Petro alipomkana Bwana wake. Katika mji wa Brescia, Italia, bado wanaye jogoo wa aina hiyo aliyetengenezwa karne ya 9.

Na kifeni chenye mapanga mengi, kile kinachopendwa zaidi bustanini, ni mtoto wa Marekani. Mwaka 1854 fundi aitwaye Daniel Halladay wa Connecticut alibuni kinu kinachojigeuza chenyewe kufuata upepo na kujipunguza mwendo ukizidi. Kikaenea kwenye nyanda kavu za magharibi kuvuta maji ya ng'ombe na ya treni za mvuke. Halafu umeme ukafika vijijini, hasa baada ya serikali yao kuanzisha mpango maalumu mwaka 1935, na pampu za upepo zikakosa kazi. Watu hawakuweza kuzitupa kumbukumbu zao, wakazitengeneza ndogo na kuziweka mbele ya nyumba. Kwao ni kumbukumbu ya babu aliyevuta maji kwa upepo. Kwetu kinafika kikiwa pambo tangu siku ya kwanza, hakina babu.

Pampu zenyewe za kazi tunazo katika ukanda huu. Majirani zetu Wakenya walianza kutengeneza pampu ya upepo iitwayo Kijito mjini Thika, na imesimama sehemu nyingi kavu za nchi yao. Tena mitambo mikubwa ya umeme wa upepo imewekwa karibu na Ziwa Turkana, 365 kwa idadi, ikazinduliwa rasmi 2019. Lakini hayo ni mambo ya kazi, turudi kwenye mapambo.

Nyumba ya kuangaliwa, yenye ua wa kuangaliwa, ililetwa Karatu na walowezi. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani kabisa ya kreta ya Ngorongoro. Vita ikawaondoa. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi Tanganyika miaka ya 1920 walishika miteremko ya Oldeani wakapanda kahawa. Nyumba ya shamba inayojulikana leo kama Gibb's Farm ilijengwa mwaka 1929, vita ya pili ikawanyang'anya Wajerumani tena, na 1948 ikawa mikononi mwa Mwingereza. Mwaka 1972 ikaanza kupokea wageni. Baraza pana, maua, majani ya kukanyagwa bila viatu, na bonde lote mbele ya macho. Walioyamwagilia maua hayo na kuyakata majani hayo ni vijana wa Kiiraqw ambao babu zao waliishi chini ya udongo. Sidhani kama kuna shule ya usanifu majengo iliyofundisha kwa ukali zaidi ya ile.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970. Watu wakapangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari, mlango ukiangalia njia. Unaweza kuisema operesheni ile utakavyo, na mimi nina ya kwangu ya kusema siku nyingine, lakini ilimaliza rasmi habari ya nyumba kujificha. Bati likashika nafasi ya udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ikafika hadi geti la Ngorongoro kwa msaada wa Japani, magari ya watalii yakawa mengi, na mbele ya nyumba pakawa na thamani ambayo haikuwepo. Pambo likawa tangazo.

Mnisamehe, hapa watoto wamesahauliwa. Wao hawakumngoja mlowezi wala lami. Kiswahili kina neno kititia, kile kifeni cha ukindi cha mtoto anayekimbia akikabili upepo, na limo kwenye kamusi zetu. Bara wana chupa ya maji: unakata kitako, unapasua mbavu ziwe mabawa, unachoma tundu la msumari, unapachika kwenye kijiti. Kinazunguka vizuri kuliko vingi vya kununua. Kama kuna mtu Karatu anataka pambo lenye asili ya kwetu, asisumbuke na katalogi.

Upande wa pili wa geti mambo ni tofauti, na hapa ndipo ninapokwama. Ngorongoro ilitengwa kuwa hifadhi yenye watu mwaka 1959, na wengi wa waliopokelewa humo walikuwa wametolewa Serengeti. Kwenye kreta yenyewe wafugaji waliondolewa katikati ya miaka ya 1970. Kilimo kimepigwa marufuku, kikaruhusiwa kidogo, kikapigwa marufuku tena. Kujenga nyumba ya kudumu kunahitaji ruhusa. Kuanzia Juni 2022 familia zilianza kuhamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, kwenye nyumba zilizojengwa na serikali, zote zikiwa za sura moja. Serikali inasema watu na mifugo wamezidi uwezo wa hifadhi na kwamba wanaohama wanahama kwa hiari. Wakazi wengi wamelikataa neno hiari, na Agosti 2024 walijaa barabarani kulisema hilo mchana kweupe. Kusimika nguzo mbele ya nyumba ni jambo dogo sana, lakini hulifanya mtu anayejua atakuwepo mwakani kuipaka rangi.

Na ajabu ni kwamba kionyesha upepo kikubwa kuliko vyote kiko huko huko, tena hakikusimikwa na mtu. Karibu na bonde la Oldupai kuna kichuguu cha mchanga mweusi, majivu ya volkano ya Oldoinyo Lengai, chenye umbo la mwezi mchanga na urefu wa kama mita 100 kutoka pembe hadi pembe. Upepo wa mashariki unakisukuma kuelekea magharibi zaidi ya mita 10 kila mwaka, mchanga ukipanda mgongoni na kumwagika mbele, bila kupoteza umbo. Jogoo wa bati anaelekeza mdomo upepo unakotoka. Mchanga huu unaelekeza pembe zake unakokwenda. Wamaasai wanauheshimu, na wengine hufika kufanya ibada zao. Nyuma yake, kwenye nyasi, zimewekwa alama fupi zenye mwaka, kuonyesha ulipokuwa zamani. Ukienda, anza na ya zamani kuliko zote, kisha tembea kuelekea magharibi ukihesabu hatua.