Umechoka na Kilo? Hivi Ndivyo Utaingia Hosi Kutafuta Usaidizi Bila Kuchezwa

Konda amekuambia ulipe viti viwili, tena mbele ya gari nzima. Ama ni shangazi kwa harusi ya watu, amekushika mkono akasema "lakini wewe umenona!" na hadi sai hujui kama hiyo ilikuwa sifa ama matusi. Usiku huo uko kwa simu. Kabla ulale umeshapata mtu wa kukuuzia chai ya kukata tumbo, mwingine ana sindano anatuma na bodaboda, na wa tatu anakuambia uache chapo tu, kila kitu kitakuwa fiti.

Tulia kwanza. Kabla utume ganji yoyote, kuna mlango mmoja ambao wasee wengi hupita mbio, na ni mlango wa hosi. Sio ile ya kupelekwa ukiwa umeanguka. Ni kwenda mwenyewe, ukitembea na miguu yako, na kumwambia daktari kwa mdomo wako: "Nimekuja juu ya uzito." Hapa tunakupea rada ya venye hiyo siku huenda, nini cha kuuliza, na wapi unaweza kuchezwa.

Hii kitu sio uvivu

Mnajua Oprah Winfrey. Novemba 1988 aliingia kwa kipindi chake akivuta kigari kilichojaa mafuta ya mnyama, kama kilo 30 hivi, kuonyesha mafans uzito aliokuwa ameangusha kwa kunywa lishe ya maji maji bila chakula kigumu. Watu wakapiga makofi. Halafu uzito ukarudi. Desemba 2023, msee ambaye ana doo ya kuajiri mpishi na mwalimu wa mazoezi kila siku ya maisha yake, alisema wazi kwamba anatumia dawa ya kupunguza uzito. Kama ingekuwa ni kujikaza tu, yeye angekuwa wa kwanza kushinda.

Kuna ushahidi mwingine kutoka kwa TV. Watafiti wa Marekani walifuata washiriki 14 wa shindano la The Biggest Loser na kuchapisha matokeo 2016. Miaka 6 baada ya shindano, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizotoa. Tena miili yao ilikuwa inachoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ile ya mtu mwingine wa saizi yao. Mwili ukiona kilo zinashuka mbio hudhani njaa imeingia nchini. Unabana matumizi, homoni za njaa zinapanda, na wewe unabaki kufikiria chakula kutoka asubuhi hadi jioni. Ndio maana chama kikuu cha madaktari Marekani kilitangaza 2013 kwamba unene wa kupita kiasi ni ugonjwa.

Na hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa KDHS wa 2014 ulipata kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Kenya wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa na uzito uliozidi. Ule wa 2022 ulipata idadi imepanda.

Jipime kabla utoke kwa keja

Hesabu inayotumika ni BMI: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita ukizidishwa mara mbili kwa wenyewe. Tuseme uko kilo 95 na urefu ni mita 1.62. Hiyo ni 95 gawanya kwa 2.62, unapata kama 36. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 huo ni unene wa kupita kiasi, na ukifika 40 ni mambo mazito.

BMI hudanganya kidogo, juu haijui kama kilo zako ni misuli ama mafuta. Kwa hivyo omba fundi wa nguo tepu yake upime kiuno, usawa wa kitovu hivi, bila kuvuta tumbo ndani (hakuna mtu anakuangalia). Mwanaume akipita sentimita 94 na mwanamke akipita 80, hatari ya sukari na ugonjwa wa moyo imeanza kupanda. Kitambi kwa mtu mwembamba pia kinahesabika, maboys wa bia mnisikie.

Siku ya hosi

Anza na kituo kilicho karibu. Kama umejisajili SHA, huduma za msingi kwa Level 2 na Level 3 za serikali hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Huko utapimwa presha, sukari na uzito, na ukihitaji zaidi unapewa rufaa kwenda Level 4, 5 ama hosi kubwa kama KNH na ile ya rufaa ya Moi kule Eldoret, mahali kuna madaktari wa homoni.

Beba dawa zote unazotumia, hata ile ulipewa na rafiki. Hii ndio sehemu watu husahau na ndio imebeba siri mob. Sindano ya Depo ya kupanga uzazi huongeza kilo kwa wanawake wengine. Insulini pia, na dawa za aina ya steroidi ambazo hupewa watu wa pumu au viungo, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Usiziache mwenyewe, tafadhali. Muulize daktari, "Hii dawa inaniongeza uzito? Kuna nyingine?" Mara nyingi huwa iko.

Halafu sema hata zile vitu za kuonea haya. Kama hedhi inaruka miezi na ndevu zinaota kidevuni, inaweza kuwa PCOS, shida ya homoni inayogusa ovari na uzito pia. Kama unakoroma hadi jirani anagonga ukuta, pumzi hukatika usingizini, na mchana unasinzia kwa mathree hadi unapitishwa stegi, hiyo ni shida ya kupumua inayokuja na uzito na ina matibabu yake. Kama unakula usiku ukiwa na mawazo, sema pia. Tezi ya shingo ikilala nayo hukuongeza kilo, ingawa si nyingi venye mtandao husema.

Vipimo vya kawaida ni sukari ukiwa hujakula, HbA1c ambayo huonyesha wastani wa sukari ya miezi kama 3 iliyopita, kolesteroli, ini na figo. Ukiambiwa ulipie kifurushi cha vipimo ishirini siku ya kwanza, uliza kila kimoja ni cha nini.

Kitu cha kwanza utapewa ni chakula na mwendo

Najua ulitaka sindano. Lakini sikia hii: mwaka wa 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba watu waliokuwa karibu kupata kisukari, wakisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata huo ugonjwa kwa asilimia 58. Kwa msee wa kilo 95, asilimia 7 ni kilo 6 na nusu hivi. Hutaonekana kwa picha, lakini damu yako itaona.

Omba kuonana na mtaalamu wa lishe, na hakikisha amesajiliwa na KNDI. Mzuri atakuuliza unakula nini kwa kibanda, nani anapika kwenu, na una shilingi ngapi kwa siku. Akikupatia orodha ya parachichi, samaki wa salmon na mtindi wa Ugiriki na wewe unaishi kwa sukuma na githeri, huyo hajakusikia. Githeri yenyewe iko poa sana. Shida kubwa huwa ni saizi ya ugali, chai ya sukari mara nne, soda, na chipo za saa tatu usiku.

Sasa hizo sindano

Semaglutaidi, ambayo mnaijua kwa jina Ozempic, ilikubaliwa Marekani 2017 kwa wagonjwa wa kisukari. Ya uzito inaitwa Wegovy, 2021. Huiga homoni ya tumbo inayoambia ubongo "nimeshiba," na hufanya chakula kikae tumboni mrefu zaidi. Inafanya kazi, sitakudanganya. Kwa utafiti wa watu 1,961, waliodungwa kwa wiki 68 walipunguza wastani wa karibu asilimia 15, na waliodungwa dawa bandia asilimia 2.4.

Lakini waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, theluthi mbili ya kilo walizotoa zilikuwa zimerudi. Kwa hivyo usiulize bei ya mwezi. Uliza bei ya mwaka, na wa pili. Wegovy ilipoingia sokoni Marekani bei yake ya orodha ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi. Usipange ukidhani SHA italipa. Uliza kwa kaunta kabla uanze. Mwambie daktari pia kama unapanga kupata mtoto, juu lazima iachwe angalau miezi 2 kabla, na kama kuna mtu kwa familia amewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo. Kichefuchefu, kutapika na kufunga choo ni kawaida mwanzoni. Maumivu makali ya tumbo yasiyoisha si kawaida. Hayo ni ya kukimbia hosi siku hiyo hiyo.

Ile ya kutumwa na bodaboda, wachana nayo. Juni 2024 WHO ilitoa onyo kuhusu Ozempic feki zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Kama huko zimeingia, mtaani kwetu je? Tena hii dawa huwekwa kwa friji, kati ya nyuzi 2 na 8, kabla ya kufunguliwa. Nunua kwa cheti cha daktari, kwa duka la dawa lililosajiliwa na Pharmacy and Poisons Board.

Chai za kukata tumbo nyingi huwa na sena, dawa ya kuharisha. Unapoteza maji, sio mafuta. Na vidonge vingine vya "miti shamba" vimewahi kukutwa vikiwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya 2010 juu iliongeza visa vya moyo na kiharusi.

Upasuaji wa kupunguza tumbo hufikiriwa BMI ikiwa 35 na juu, wakati mwingine 30 kama tayari una kisukari. Ni kazi kubwa, na utameza vitamini maisha yako yote. Kunyonywa mafuta kwa kliniki ya urembo sio matibabu ya unene, hata sosholaiti wako akisema nini. Yeyote atakayeshika kisu, angalia jina lake kwa orodha ya KMPDC mtandaoni kabla ulipe.

Akikudharau je?

Itafanyika. Umekuja na maumivu ya goti, daktari hata hajaligusa, anasema "punguza kula, nani anafuata?" Mwambie pole pole: "Sawa daktari, nimekubali uzito ni shida. Nisaidie na mpango, na goti pia uliangalie." Akiendelea na madharau, una haki ya kuomba daktari mwingine.

Usitoke bila tarehe ya kurudi. Mwezi mmoja hivi inatosha. Siku hiyo beba daftari: kiuno, presha ukipimwa, usingizi, na ngazi ngapi unapanda kabla upumzike. Mzani unaweza kuwa haujasonga na hizo zingine zimesonga, na daktari atajua tu kama umeziandika.