Nishati Haipotei, Mpagazi Je?

Shuleni tulikariri: nishati haiumbwi wala haipotei, hubadilika umbo tu. Kumbe kanuni hii ina harufu ya jasho! Mwaka 1840, huko Java, daktari wa meli Mjerumani, Julius Robert Mayer, aliona damu ya mabaharia ni nyekundu kuliko kwao Ulaya. Akawaza: penye joto mwili huunguza chakula kidogo. Mwaka 1842 akaandika kwamba nguvu haiangamii. Joto na kazi hubadilishana.

Sasa twende Kariakoo, msomaji. Jina lenyewe ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Uingereza lililoiteka Dar Septemba 1916. Babu zetu walibeba risasi na unga. Posho ikipungua, mzigo haukupungua. Mwili ukajila wenyewe. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi.

Pale Posta, Sanamu ya Askari ya 1927 imeshika bunduki. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini. Kila nikipishana na mkokoteni najiuliza: nguvu zile zilikwenda wapi? Hazikupotea, bwana. Zimegeuka mji. Tulichopoteza ni majina yao.