Dhamana ya Cheo na Kujiuzulu kwa Mwaka 1977

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimwekea kiongozi miiko iliyoeleweka hata kwa mkulima asiyejua kusoma: asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Lakini miiko hiyo ililinda zaidi mfuko wa kiongozi. Haikueleza ifanyikeje pale ambapo mfuko wake ni safi, ila walio chini yake wamewatesa wananchi kwa jina la Serikali.

Swali hilo lilizuka Usukumani. Mwaka 1976, katika msako uliohusu mauaji ya watu walioshukiwa uchawi, polisi na maofisa wa usalama walikamata watu wengi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafa mahabusu. Hawa hawakuwa mabepari wala vibaraka. Walikuwa wakulima, yaani wale wale ambao Chama kilisema ni chao.

Januari 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakumpiga mtu yeyote. Walijiuzulu pia Ndugu Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari, TANU na ASP ziliungana na CCM ikazaliwa.

Wapo wanaodai kuwa huo ulikuwa uonevu, kumwadhibu mtu kwa kosa la mwenzake. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Adhabu ni kazi ya mahakama, na baadhi ya waliotesa walifikishwa huko wakahukumiwa. Kujiuzulu ni kurudisha dhamana kwa wenyewe. Aliyekabidhiwa ghala la kijiji haulizwi tu kama ameiba. Huulizwa mahindi yako wapi.

Hata hivyo tuukiri udhaifu. Kitendo kile kilitegemea dhamiri ya mtu na msimamo wa Mwalimu, kwa hiyo kilibaki mfano, hakikuwa desturi. Miiko yenyewe ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Na Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya Kamati Teule ya Bunge kutoa taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Bunge lilitangulia, dhamiri ikafuata.

Wajanja husema kujiuzulu kunalipa, kwa kuwa Mwinyi alipelekwa balozi Misri, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na wa Muungano mwaka 1985. Hesabu hiyo hupigwa kinyumenyume. Aliyeandika barua ile mwaka 1977 hakuwa na 1985 mbele yake. Mbele yake zilikuwapo familia zilizopoteza watu wao mikononi mwa polisi wa wizara yake.