Bangwe na Ziwa Lisilotulia

Anayetoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda ghuba ya Kigoma hupita kwanza Bangwe. Ndiyo njia waliyoishika wasafiri Livingstone na Stanley mwezi Novemba 1871, wakienda kuutazama mto Rusizi. Walitaka kujua kama mto huo unayatoa maji ya Ziwa Tanganyika au unayaingiza. Wasafiri waliowatangulia, Burton na Speke, waliishia Uvira mwaka 1858 wasiufikie. Livingstone na Stanley waliukuta unaingia. Hapo fumbo likazidi: maji yanayojaza ziwa la urefu wa kilomita 673, lenye kina kinachofika mita 1,470, yanatoka ziwani kwa njia ipi?

Wafanyabiashara wa Unguja na mrima hawakusubiri jibu. Kwao hii ilikuwa bahari, nao wakatweka tanga. Machi 1858 Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi lake. Jahazi, na Bahari ya Hindi iko safari ya miezi kwa miguu!

Mlango uliokuwa ukitafutwa uko ng'ambo, upande wa Kongo: mto Lukuga. Msafiri mwingine, Cameron, aliuona mwaka 1874, ukiwa umezibwa na majani na matope, maji yakijikokota. Kwa kuwa umezibwa, ziwa lilikuwa likipanda. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta miti iliyokuwa sokoni miaka mitano nyuma imesimama majini. Kisha, karibu na mwaka 1878, kizibo kikaachia. Mmisionari Edward Hore alifika Lukuga mwaka uliofuata, akakuta maji yanatoka kwa kasi.

Ziwa likashuka, na ufuo wa Ujiji, ambao ni tambarare, ukauacha mji nyuma. Leo anayezuru mahali palipowekwa kumbukumbu ya Livingstone hana budi kutembea kidogo ndipo aguse maji. Ghuba ya Kigoma ina kina, kwa hiyo haikupoteza kitu. Reli ikafika huko mwaka 1914, na mwaka uliofuata ikashushwa majini Graf von Götzen, meli tunayoijua kwa jina la Liemba. Vitabu vya shule husimulia zaidi jinsi Stanley alivyomsalimu Livingstone; kwa maoni yangu, kuzibuka kwa Lukuga kuliibadilisha pwani hii kuliko salamu ile. Na maji yale hayarudi upande wa Unguja. Lukuga huyapeleka Lualaba, Lualaba ikawa mto Kongo, na mwisho wake ni Atlantiki. Ni sehemu ndogo tu inayopata safari hiyo. Mengi zaidi huishia angani kwa jua.

Lakini mwendo mkubwa kuliko wote hauonekani kutoka Bangwe. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini husukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini. Kule kusini, maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake, yakileta virutubisho vya vijimea ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula cha dagaa. Upepo ukitulia, tabaka la joto hurudi, na maji ya ndani huendelea kuyumba huku na huku, kila yumbo likichukua wiki kadhaa, wakati uso wa ziwa umelala kimya. Mvuvi anayewasha taa usiku wa giza, akingoja dagaa na migebuka wakusanyike, anavuna matunda ya mwendo huo. Chini zaidi hakuna oksijeni, wala samaki.

Joto la dunia linauumiza mwendo huo. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi zaidi, nayo huchanganyika kwa shida na yale ya chini, hivyo chakula kinabaki kilindini. Wavuvi nao wameongezeka. Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, miezi ileile ambayo upepo wa kusini huwa unalikoroga ziwa.